Kulipia barabara kuu nchi moja hakutoshi Ulaya nzima

Waendesha pikipiki wengi wanaopanga kuzunguka Ulaya huamini kwamba, kwa kuwa nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya, zimefungua mipaka kati yao, ukishalipia barabara kuu nchi moja umemaliza. Si ajabu: unatoka Ujerumani na kuingia Austria juu ya lami ileile.

Ila Schengen inahusu watu kuvuka mipaka. Ushuru wa barabara kila nchi inajiamulia. Ujerumani pikipiki hailipi kitu kwenye barabara kuu. Austria inataka vinyeti, yaani kibali cha barabara kinacholipiwa kwa muda maalumu. Uswisi inauza cha mwaka mzima tu, faranga 40, hata kama unapita kwa saa tatu. Cheki inatoza magari lakini pikipiki imezisamehe. Ufaransa na Italia, sehemu kubwa unalipia kwenye vizuizi njiani, kwa hiyo weka kadi mfuko wa nje.

Kuhakikisha ni rahisi. Fungua tovuti rasmi ya barabara ya kila nchi utakayopita, usome kipengele cha pikipiki, si cha magari. Jihadhari na tovuti za mawakala, baadhi huongeza bei. Unaponunua kibali mtandaoni na kujaza namba ya usajili, angalia vizuri herufi O na sifuri: kosa moja hapo, kibali kinasomeka cha chombo kingine.