Je, wajua kwa nini mteja wa mkataba anaweza kuuziwa ghali kuliko mpita njia?

Tuseme duka la vifaa vya ujenzi linauza mfuko wa saruji kwa shilingi 20,000. Lina mkandarasi wake wa siku zote, na wamekubaliana kwamba saruji atapunguziwa asilimia 5 mwaka mzima. Mwisho wa mwezi duka linatangaza ofa: vifaa vyote vya ujenzi, punguzo la asilimia 10. Mkandarasi anaagiza mifuko 500. Karani anaingiza oda kwenye kompyuta na bei inatoka 19,000 kwa mfuko, wakati mpita njia asiye na mkataba amechukua mmoja kwa 18,000.

Mkandarasi ana haki ya kulalamika, ila programu haijakosea hesabu. Imekuta kanuni mbili za bei zinazoihusu oda ileile, na imechagua moja kwa utaratibu iliowekewa.

Utaratibu huo, katika programu nyingi za biashara, ni kwamba kanuni mahususi huishinda ya jumla. ERPNext, programu huria iliyoanzia India, hutazama kwanza kanuni iliyoandikiwa bidhaa yenyewe, kisha ya kundi la bidhaa, kisha ya chapa. Upande wa mnunuzi, mteja mwenyewe hutangulia kundi la wateja, na kundi hutangulia eneo. Odoo ya Ubelgiji nayo huanza na aina mahususi ya bidhaa (tuseme rangi nyeupe ya lita 4), ikafuata bidhaa kwa ujumla wake, halafu kundi, mwisho bidhaa zote. Kanuni zikilingana ngazi, ile inayodai idadi kubwa zaidi ya bidhaa hutangulia, mradi oda imeifikia. SAP ya Ujerumani humwachia mwenye kampuni apange mfuatano wa utafutaji: mteja pamoja na bidhaa, kisha orodha ya bei, kisha bidhaa peke yake. Ikipata bei kwenye ngazi ya juu, inaweza kuamriwa isitafute tena.

Kwa nini iwe hivyo, ikiwa inaumiza wateja wazuri? Kwa sababu kanuni mahususi imewekwa na mtu aliyekuwa akiifikiria bidhaa hiyo au mteja huyo hasa. Chukua duka jingine, ambalo mwenyewe amekadiria kwamba saruji ina faida ndogo, akaiwekea punguzo la asilimia 2 tu. Rangi inavumilia asilimia 10, saruji haivumilii. Ofa ya jumla ingeruhusiwa kuifuta kanuni ya saruji, kila mfuko ungetoka kwa hasara na mwenyewe asingejua mpaka afunge hesabu za mwezi. Mimi naona huu ndio msingi sahihi, hata kama una madhara yake.

Wengine wameamua vingine. Business Central ya Microsoft, kwa utaratibu wake wa kawaida, hutafuta bei ya chini kabisa inayoruhusiwa kwa tarehe ya oda, pamoja na punguzo kubwa kabisa linaloruhusiwa. Huko mkandarasi wetu angepata 18,000 bila ugomvi, lakini mwenye duka akiacha ofa ya zamani bila tarehe ya mwisho, hiyo itaendelea kushinda kimyakimya.

Na kanuni mbili zikiwa na uzito sawa? ERPNext ina sehemu ya kuandika namba ya kipaumbele, hadi 20, na namba kubwa hushinda. Ikishindwa kabisa kuamua, haibahatishi: hutoa ujumbe kwamba kuna kanuni zaidi ya moja zenye vigezo vilevile, na kumtaka mtumiaji aweke kipaumbele. Hapo ndipo watu huharibu. Kila ofa mpya inapewa 20 ili "ifanye kazi", na baada ya muda zote zinalingana tena. Afadhali namba hiyo iachwe wazi, itumike pale tu ambapo ngazi za kawaida hazitoshi, na kila ofa iwekewe tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Kuna pia njia ya kuruhusu kanuni zote mbili zifanye kazi pamoja. Hapo uliza kwanza: zinajumlishwa, au moja inakatwa juu ya nyingine? Asilimia 10 na 5 zikijumlishwa ni 15, na mfuko unakuwa 17,000. Zikikatwa kwa zamu, 20,000 inashuka hadi 18,000, kisha asilimia 5 ya hiyo 18,000 inatolewa, unabaki na 17,100. Tofauti ni shilingi 100 kwa mfuko. Kwa oda ya mkandarasi ya mifuko 500 ni shilingi 50,000, na kwenye ERPNext uamuzi huo ni alama moja tu ya tiki ndani ya kanuni.

Bei ikitiliwa shaka, anza kwenye oda yenyewe. ERPNext huonyesha humo kanuni zilizotumika, na ina kisanduku cha kuamuru kanuni zote zipuuzwe. Kitie tiki, utazame bei ya orodha, kisha ukiondoe: pengo utakaloliona ndilo lililoletwa na kanuni.