Je, wajua kwa nini mchanga mkavu humeza gurudumu na mchanga uliolowa hulibeba?

Maji yakipwa, ufuo wa Malindi hugeuka barabara. Vijana hupita na baiskeli za Mamba, zile nzito za chuma, mwenzao juu ya keria, na wala hawahemi. Lakini panda hatua chache juu, pale mawimbi yasipofika, uone. Baiskeli ileile, miguu ileile, na gurudumu la mbele linajichimbia, usukani unapinda, mwendeshaji anashuka kusukuma huku wenzake wakimcheka. Mchanga ni mmoja, umetoka mto mmoja wa Sabaki. Basi tofauti iko wapi?

Iko kwenye maji, ingawa si kwa sababu yanautia mchanga uzito. Mchanga ukiwa na unyevu wa wastani, kijitone kidogo hukaa kati ya kila chembe mbili na kuzivuta zishikamane. Ndiyo maana watoto hujenga nyumba kwa mchanga wa kando ya maji na si ule wa juu, unaomwagika vidoleni. Chembe kavu hazina kinachozishika ila msuguano, nao msuguano hutaka zikandamizwe. Zile za juu kabisa hazina kinachozikandamiza, kwa hiyo gurudumu likizigusa zinakimbilia pembeni na mbele.

Hilo la mbele ndilo linalochosha. Gurudumu linalozama husukuma tuta dogo la mchanga mbele yake, kisha hulazimika kulipanda, na likilipanda limeshatengeneza jingine. Kwa maneno mengine, unaendesha mlimani kwenye uwanda ulio sawa kabisa. Wamisri wa kale walilijua jambo hili bila baiskeli. Katika kaburi la Djehutihotep, gavana wa Misri ya kale, lililochorwa karibu miaka 3,900 iliyopita, kuna picha ya sanamu kubwa inayoburutwa juu ya mbao, na mtu amesimama mbele akimwaga maji mchangani. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walilipima jambo hilo na kukuta kwamba maji ya kiasi kinachofaa hupunguza nguvu ya kuvuta kwa karibu nusu, kwa sababu lile tuta la mbele halijitokezi.

Ila maji yakizidi, mambo yanaharibika tena. Mchanga ulioko majini kabisa hauna vile vijitone vya kushikanisha. Nafasi zote zimejaa maji na chembe zinaogelea. Mwendeshaji mzoefu wa Malindi hatafuti povu la mawimbi wala mchanga mweupe wa juu, anatafuta ule ukanda wa kahawia ulioachwa na maji muda mfupi uliopita. Ukitaka kuupima, kanyaga. Ukiona mchanga unapauka ghafla kuzunguka unyayo wako, uko mahali pazuri. Mwanasayansi Mwingereza Osborne Reynolds alilieleza hilo mwaka 1885: chembe zilizobanana zikisukumwa lazima zipande juu ya wenzake, nafasi kati yao zinapanuka, na maji ya juu yanafyonzwa chini kuzijaza. Kule kufyonzwa ndiko kunakoukaza mchanga chini ya mguu, au chini ya tairi.

Sasa tuje kwenye tairi, maana hapo ndipo fundi ana la kusema. Upana wa alama inayogusa ardhi huamuliwa zaidi na upepo uliomo ndani. Tuseme wewe na baiskeli yako mna kilo 90. Tairi nyembamba iliyojazwa upepo wa kilo 3.5 kwa kila sentimita ya mraba itagusa ardhi, kwa makadirio, sentimita za mraba 25 au 26 tu, magurudumu yote mawili kwa pamoja: kama nusu ya kadi ya benki. Tairi nene iliyotiwa upepo wa kilo 0.56 itagusa sentimita za mraba 160 hivi. Uzito ni uleule, umetandazwa mahali pakubwa zaidi ya mara sita. Ngamia anayetembezwa ufuoni naye hukandamiza mchanga kwa unyayo mpana laini. Baiskeli za matairi ya karibu inchi 4 zilianza kupatikana madukani kwa urahisi baada ya kampuni ya Surly ya Marekani kutoa baiskeli yake ya Pugsley mwaka 2005. Zilitokana na watu wa theluji ya Alaska na mchanga wa kusini-magharibi mwa Marekani, maeneo mawili yasiyofanana hata kidogo isipokuwa kwa ulaini wa ardhi.

Wengi hudhani kuendesha jangwani ni kupambana na mchanga mwanzo mwisho. Sivyo. Phoenix, jiji la Arizona, lina hifadhi ya South Mountain ya zaidi ya ekari 16,000 ndani ya mipaka yake, na vijia vyake vyembamba, vya upana wa baiskeli moja, ni vya miamba na kokoto juu ya ardhi ngumu. Mchanga hukusanyika kwenye laga, mito ya msimu iliyokauka, na hapo ndipo tairi huzama.

Kwetu, nenda Marafa, kilomita 30 na kitu kutoka Malindi mjini. Korongo la Nyari, lenye kuta za rangi ya waridi, chungwa na nyeupe, limechongwa na mvua na upepo kwenye mawe laini ya mchanga. Udongo mwekundu wa njia za huko una mfinyanzi, nao mfinyanzi hufanya kazi ya gundi hata maji yakiisha. Kijia kilichokanyagwa na watu na mbuzi kinakuwa kigumu kama sakafu. Mita chache pembeni, mvua ilipokusanya mchanga mtupu, unazama. Kwenye kingo za korongo lenyewe mimi nasema usiendeshe. Alama ya tairi huwa mfereji mvua ikinyesha, na kingo zile hazihitaji msaada wa kubomoka. Vivyo hivyo vilima vya mchanga vya Shela, Lamu: maji ya mvua huchujwa humo na kuingia visima vinavyonywesha mji.

Ukilazimika kuvuka mchanga mkavu, punguza upepo kabla hujaufikia, ingia na mwendo, gia nyepesi, makalio nyuma. Baiskeli husimama wima kwa sababu usukani hurekebishwa kidogo kidogo muda wote. Gurudumu la mbele likibeba uzito mwingi na kuzama, hayo marekebisho hayawezekani na unaanguka. Kwa hiyo usiubane usukani, na breki ya mbele isahau kabisa. Endelea kukanyaga hata ukiyumba.

Ukirudi kwenye lami, tia upepo tena, la sivyo rimu itaikata tyubu kwenye shimo la kwanza. Na kama ulipita ufuoni, osha mnyororo kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, ukaushe, uupake mafuta. Chumvi ya Malindi haingoji kesho.