Taa ya kijani inawaka, seva haipatikani

Jumatatu saa mbili kasoro asubuhi simu inaita, ofisi moja hapa Dar, mhasibu analia mfumo haufunguki kwa mtu yeyote. Umeme ulikatika Jumapili usiku, UPS ikavumilia mpaka ikachoka, uliporudi kila kitu kikawaka chenyewe, intaneti iko poa ila seva ndo haipatikani. Kijana wao wa IT alikuwa ameshanitumia meseji: "Bro nimebadilisha kebo mara mbili, nimeristati seva mara tatu, taa ya kadi inawaka kijani, au imeungua?"

Taa ya kijani inakwambia waya umeshika na pande mbili zimekubaliana spidi, basi. Mengine yote utayatafuta mwenyewe.

Nikaanza na ethtool, amri ya kuonyesha hali ya kadi ya mtandao, seva ni Debian (Linux), ikanipa 1000Mb/s na Link detected: yes. Ningeona 100 pale ningeanza na kebo, maana giga inataka jozi zote nne za nyaya wakati mia inaridhika na mbili, kwa hiyo jozi moja ikikatika linki inaweza kushuka kimya kimya na watu wanabaki kusema tu mfumo mzito. Hii ilikuwa elfu safi.

Nikaping (nikaigonga kuona kama inajibu) geitwei, yaani ruta inayotoa seva nje, 10.0.20.1, hola. Nikacheki ip neigh, orodha ya majirani wa seva na MAC zao (namba za kadi zao za mtandao), FAILED. Hiyo FAILED ni ya thamani kuliko ping yenyewe: ingekuwa ruta inakataa ping tu, MAC yake ingeonekana pale. Hapa seva imeita "mwenye hii IP nipe MAC yako" na hakuna aliyeitika, so tatizo liko kati ya seva na ruta, na hapo kati kuna swichi tu.

Nikafungua tcpdump -nn -e -i eno1, inaonyesha kila kinachopita kwenye kadi ya seva. Seva yangu inauliza kila sekunde, who-has 10.0.20.1 tell 10.0.20.5, kimya. Halafu katikati inapita laini nyingine, who-has 192.168.10.1 tell 192.168.10.44. Eeh! Hiyo ni kompyuta ya mapokezi. VLAN ni kugawa swichi moja kuwa mitandao tofauti isiyosikiana, mapokezi wako VLAN 1. Seva ya VLAN 20 inasikia vipi broadcast (miito ya kwenda kwa wote) za VLAN 1? Ni kama umelala kwako unasikia jirani anaitana na watoto wake kwenye sebule yako, ujue aliyehama ni wewe.

Nikamuuliza kijana seva iko poti gani, akasema 12, lebo inasema hivyo na poti 12 ameshaikagua haina shida. Nikasikiliza LLDP, matangazo ya vifaa kujitambulisha kwa jirani, tcpdump -vv -i eno1 ether proto 0x88cc, swichi ikiwa imewashiwa hiyo kitu kwa kawaida inatangaza jina lake na poti kila sekunde 30. Ikaja: Gi0/21. Ile 12 ilikuwa namba ya patch panel jamani, kile kibao nyaya za ukutani zinapoishia kabla ya swichi, poti 12 ya swichi ni printa! Asubuhi nzima anakagua printa.

Kuingia kwenye swichi, show version inasema imewaka masaa tisa tu yaliyopita. show vlan brief, VLAN 20 ipo na jina lake kabisa ila haina poti hata moja, 21 imekaa VLAN 1. Sasa hapa ndo inawachanganya wengi, mbona VLAN imebaki na poti imetoka? Kwenye swichi hizi za Cisco orodha ya VLAN huwa inajiandika yenyewe kwenye faili la vlan.dat, lakini poti ipi iko VLAN ipi hiyo inakaa kwenye running-config, mipangilio inayopotea swichi ikizimika kama hujaiseivu, na aliyeiweka seva VLAN 20 miezi ya nyuma hakuseivu. Ikadunda miezi yote hiyo mpaka umeme ulipokatika.

Nikaingia poti 21, switchport access vlan 20, enter. Kijana akaping papo hapo, hola, akanigeukia na sura ya kukata tamaa. Nikamwambia tulia mzee, spanning tree, ulinzi wa swichi dhidi ya nyaya kujizungusha, inasikiliza sekunde 15 na kujifunza 15 nyingine kabla ya kupitisha kitu, hii poti haina portfast ya kuruka hiyo subira. Ikaja reply ya kwanza, na kelele kutoka uhasibu.

Nikapiga write memory kuseivu, halafu nikamwomba bosi dakika tano, nikachomoa swichi ukutani mbele yake nione kama imeshika kweli. Alinitazama vibaya sana. Ilipowaka tena 21 ilikuwa VLAN 20, tukaweka portfast, tukaseivu tena, na lebo mpya nimeiandika mwenyewe: PP12 / SW21.