Fundi wigi wa enzi za ukoloni alikuwa ni nani?

Leo ukisema fundi wigi mtu anawaza dada wa saluni, ila kule kwenye makoloni ya Mwingereza Amerika miaka ya 1700 fundi wigi alikuwa ni mwanaume, tena kinyozi humo humo, na wateja wake wengi wanaume wenye hela zao, wenye mashamba makubwa ya tumbaku, mawakili, madaktari. Wigi lenyewe waliliita peruki, neno lilitokea Ufaransa kama fasheni yenyewe. Mji kama Williamsburg, makao makuu ya Virginia kipindi hicho, ulikuwa na mafundi kadhaa, mmojawapo Edward Charlton.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza mteja ananyolewa kipara, maana wigi halikai vizuri juu ya nywele na chawa nao walikuwa hawacheki na mtu. Anapimwa kichwa, fundi anachukua kichwa cha mti cha saizi ile anakivalisha wavu wa hariri. Nywele bora zilikuwa za binadamu, zinanunuliwa kwa wanawake wa Ulaya, mwenye hela ndogo anapewa za farasi au mbuzi. Na hapa ndo penye utamu: nywele zinaviringwa kwenye vijiti vya udongo wa kuchoma, zinachemshwa, zinakaushwa, halafu zinafungiwa ndani ya donge la unga wa mkate na kuokwa kwenye tanuri ili ile mikunjo isifunguke tena. Yaani mkate wa nywele!

Baada ya hapo nyuzi za hariri zinavutwa kwenye fremu, nywele zinafungwa humo kidogo kidogo mpaka upatikane utepe mrefu, ndo unashonwa mstari kwa mstari juu ya wavu. Waliowahi kushonea nywele saluni wameshaelewa. Kijana aliyejifunza kazi hii kwa kawaida alikaa kwa fundi miaka kama saba, na baadhi ya maduka yalikuwa na watumwa wanaonyoa na kutengeneza nywele, jasho lao hela ya bwana.

Hela nyingine ilitoka kwenye matunzo, wateja walilipia kwa mwaka kunyolewa na wigi kupakwa mafuta na poda. Ila George Washington hakuwahi kuwa mteja wa wigi, zile unazoona kwenye picha ni nywele zake kapaka poda tu.

Fasheni ikaanza kufa, 1765 mafundi wa London wakaenda kumlilia mfalme George wa Tatu kwamba watu wanavaa nywele zao wenyewe, na 1795 serikali ya Uingereza ikaweka kodi kwenye poda, ginea moja (yaani pauni moja na shilingi moja ya wakati huo) kwa mwaka. Waliobaki na wigi ni majaji na mawakili, na 1822 fundi wigi wa London, Humphrey Ravenscroft, akatoa wigi la manyoya ya farasi lisilohitaji poda wala kukunjwa upya. Hilo ndo lilifika mpaka mahakama za Kenya, Jaji Mkuu Willy Mutunga akaja kuliweka pembeni 2011.