Rudisha Huo Mfuko wa Sementi Dukani

Mwezi uliopita nimeyasikia tena, safari hii kwa mzee wa kanisa la matofali huko vijijini Alabama: "Fundi, viungo vya matofali vimelika. Sementi tumeshanunua, njoo utuzibie." Waumini waliobaki hawajazi safu tatu za viti, na fedha zenyewe wamezipata kwa kuuza samaki wa kukaanga. Nilimwambia arudishe mifuko dukani. Alinuna.

Hii imani kwamba sementi ni bora kuliko chokaa kwa kuwa ni ngumu imeharibu kuta nyingi nilizokagua Kusini mwa Marekani kuliko upepo na mafuriko. Tofali la miaka ya 1840 lilifinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwenye tanuri la kuni. Yaliyokaa karibu na moto yaliiva vizuri; ya pembeni yalitoka laini, yamepauka, yanafyonza maji kama mkate. Mota ya chokaa, yaani mchanganyiko unaoshikilia matofali kwenye viungo, ni laini kuliko tofali, na hiyo ndiyo faida yake. Unyevu hutoka nje kupitia viungo, na jengo likititia, ufa hupita kwenye mota. Kiungo hulika polepole, tofali likabaki. Ukikiziba kwa sementi, maji hulazimika kutoka kupitia tofali lenyewe, chumvi huganda nyuma ya uso wake, na uso hubanduka. Ukikuta mota imechomoza kama wavu na matofali yamerudi ndani, ujue kuna msamaria mwema aliyepita hapo na mwiko.

Sementi ya Portland, hii ya kawaida ya madukani, ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, na Marekani ilianza kuitengeneza miaka ya 1870. Kwa hiyo usiniambie kanisa la 1850 "lilijengwa kwa sementi ya zamani". Kwaruza kiungo kwa ufunguo: kikimomonyoka kama mchanga, ni chokaa. Toa kilichooza kwa tindo na nyundo. Ukija na grenda mimi naondoka, maana inakata kingo za tofali. Changanya chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga ufanane na wa zamani, kisha funika kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke haraka. Wazee wa pwani yetu walilijua hili. Hata hivyo Mji Mkongwe Zanzibar nako watu wanapiga lipu ya sementi juu ya kuta za mawe na chokaa, halafu wanashangaa inavimba.

Kuna dhana nyingine pia. "Matofali haya yaliletwa na meli kutoka Uingereza." Nimelisikia hata maili mia mbili kutoka baharini. Nani aliyabeba? Mengi yalifinyangwa papo hapo kwa udongo wa kijiji, mara nyingi na watu waliotumikishwa utumwani. Katika mji wa Charleston, Carolina Kusini, yapo yenye alama za vidole vyao, vingine vidogo, vya watoto.

"Jengo likiingia kwenye Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria ya Marekani, serikali inalichukua." Hailichukui. Mwenye mali binafsi anayetumia fedha zake anaweza hata kulibomoa, isipokuwa sheria ya mji wake imkataze. Natamani Rejista ingekuwa kali zaidi.

"Hapa hakuna la kuhifadhi, hatuna jumba lenye nguzo nyeupe." Na ile shule ya mbao nyuma ya kanisa? Kati ya 1912 na 1932 zilijengwa karibu shule 5,000 za watoto Weusi katika majimbo 15, kwa mpango wa mwalimu Mweusi Booker T. Washington na fedha za tajiri Julius Rosenwald, huku wazazi wakichanga fedha, mbao na nguvu zao. Madirisha yake makubwa yamepangwa kwa ajili ya mwanga wa jua, kwa kuwa umeme haukuwepo. Tafadhali msiyang'oe mkaweka ya plastiki.

"Jengo tumelifunga, litasubiri." Halisubiri. Bati moja likiachia, mvua inaanza na boriti, kisha sakafu. Kama mna dola mia tu, nunueni turubai, zibueni mifereji ya paa, na mkate ile mizabibu-mwitu ukutani kuanzia shinani. Msiivute ikiwa mbichi, itaondoka na mota.