Masale yako yameungua ncha? Usikimbilie kumwagilia

Julai mwaka jana mama mmoja wa hapa Arusha alinijia kitaluni na mche wa masale ndani ya ndoo ya lita 10. Kabla sijamaliza kumwamkia akanitangulia: "Mwanangu, huu mti una kiu ya ajabu. Namwagilia kila siku na bado unakauka."

Nikaunyanyua. Mzito kama mtoto aliyelala. Nikachomeka kidole kwenye udongo, chepechepe mpaka kiungo cha pili. Mti wenye kiu hauwi hivyo. Lakini kweli ncha zilikuwa zimekauka, kahawia iliyokolea, ukizibana zinavunjika kama biskuti. Na baina ya ile kahawia na kijani palikuwa na mstari mwembamba wa njano, kama umechorwa kwa kalamu.

"Maji unatoa wapi, mama?"

"Ya bomba. Si haya haya tunayokunywa?"

Sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru habari za maji haya tunazo mdomoni, kwenye meno. Miamba ya volkano huku ina floraidi nyingi, madini yanayoyeyukia kwenye maji, na chemchemi na visima vingi vinavuka kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa wakati meno yanaota, meno yanatoka na madoa ya kahawia. Wengi hawajui kwamba masale hayavumilii hata kiasi hicho: maji yanayokubalika kabisa kwa kunywa yanaweza kuyaunguza ncha. Na yule mmea mwingine wa sebuleni, wa majani membamba yenye mstari mweupe, unaoning'iniza watoto wake, ni wa ukoo huo huo wa wadekaji.

Mizizi inafyonza maji pamoja na floraidi iliyomo. Maji yakifika kwenye jani yanatoka kama mvuke, ila floraidi haina pa kutokea. Inasukumwa mpaka mwisho wa njia, yaani nchani na pembezoni, na hapo inarundikana siku baada ya siku mpaka sehemu ile inakufa. Kwa hiyo yule mama kila alipoona ncha imekauka akaongeza maji, alikuwa anaongeza floraidi. Mizizi nayo ilikuwa inakaribia kuoza.

Kinachonichekesha ni kwamba masale ni mmea wetu. Wachagga wanayapanda mipakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani, na jani lake wanakwenda nalo kuombea msamaha. Kule yananyeshewa mvua tu, hakuna anayeyahangaikia, na yananenepa. Tukiyaleta sebuleni tunayanywesha bomba.

Kuchemsha maji hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki pale pale, kwa hiyo unayakoleza. Kuyalaza kwenye ndoo usiku kucha kunaweza kupunguza klorini, floraidi haiendi popote. Na tafadhali, yale maji ya maharage yaliyopikwa kwa magadi msiimwagie mimea, najua mnasema ni mbolea. Magadi ni chumvi, na ya huku kwetu mengi yana floraidi pia.

Dawa ni maji ya mvua. Nina simtanki linalojazwa na masika, nikikinga baada ya mvua za kwanza kuosha vumbi la bati. Ule mche tuliuacha siku kadhaa upumue, kisha nikaupitishia maji ya mvua polepole, kama lita 30, yaani mara tatu ya ujazo wa ndoo, yakitokea chini kwenye matundu. Wakati wa kubadilisha udongo huwa nachanganya chokaa ya kilimo, kijiko cha chai kwa udongo wa lita 5, kwa sababu kalsiamu yake inaikamata floraidi isipande. Mbolea ya TSP kwa masale situmii kabisa, mbolea za fosfati za aina hiyo huja na floraidi yake.

Ncha zilizokufa hazifufuki. Ukitaka kuzikata, tumia mkasi mkali, fuata umbo la jani, na acha uzi mwembamba wa kahawia ili mkasi usiguse kijani. Ukikikata kijani umefungua kidonda kipya. Matibabu yanapimwa kwa jani jipya la katikati, haya ya zamani yaache.

Si kila ncha ya kahawia ni floraidi, bila shaka. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa chungu, hiyo ni chumvi ya mbolea iliyozidi au ya kisima. Wenzetu wa Dar wenye visima vya maji ya chumvi wanaijua. Kahawia laini na udongo unaonuka ni mizizi iliyooza. Baka kavu katikati ya jani lililo dirishani ni jua. Majani ya chini kabisa yakikauka moja moja, ni uzee tu.

Mama aliondoka na mti wake na dumu la lita 20 la maji ya mvua, kwa masharti ya lita moja kwa wiki. Novemba, vuli imeshaanza, akarudi na simu mkononi kunionyesha picha: majani mawili mapya, kijani mpaka nchani, na nyuma yake ndoo tatu zimepangwa chini ya bati.