Je, wajua kwa nini sindromu si sawa na ugonjwa?

Mtoto ameketi na wenzake mbele ya sinia la ugali. Tonge halijafika mdomoni, kichwa kinainama, kinainuka, kinainama tena, hata mara kumi kwa dakika moja, kama mtu aliyezidiwa na usingizi. Wala hana usingizi. Watoto wa namna hii daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway aliwakuta Mahenge, Morogoro, miaka ya 1960. Baadaye wakaonekana wengine Sudan Kusini, na huko Kitgum na Pader kaskazini mwa Uganda. Wengi huanza wakiwa na miaka 5 hadi 15, walikuwa wazima kabisa. Wengine hudumaa, akili ikazorota, shule wakaacha.

Hali hii inaitwa sindromu ya kuinamisha kichwa. Sindromu ni neno la Kigiriki lenye maana ya mambo yanayokwenda pamoja. Daktari akiona dalili zilezile zikiandamana kwa mgonjwa huyu na yule, huzifunga furushi moja na kulipa jina, hata kama hajui kinachozileta. Ugonjwa unadai zaidi: chanzo kijulikane, au walau namna unavyouharibu mwili. Malaria ni ugonjwa. Kimelea tunakijua, mbu tunamjua, na tone la damu chini ya hadubini linamaliza ubishi.

UKIMWI nao ulianza kama furushi la dalili. Jina lake la Kiingereza, AIDS, lililotolewa 1982, lina neno sindromu ndani yake. Sisi kwenye Ukosefu wa Kinga Mwilini hatukulitia. Kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka uliofuata katika Institut Pasteur, Paris. Kwa hiyo VVU ndicho chanzo, na UKIMWI ni ile hali ya kinga kuporomoka na maradhi kumvamia mtu. Anayetumia ARV vizuri anaweza kuishi hadi uzeeni asiufikie. Huniuma sana kusikia mtu akiambiwa "ana UKIMWI" kwa sababu tu amepima akakutwa na VVU.

Jina likishazoeleka, hata chanzo kikijulikana haling'oki. Kromosomu ya ziada ya 21, yaani uzi wa urithi uliozidi ndani ya seli, iligunduliwa 1959 kuwa ndiyo chanzo, na mpaka leo hali hiyo ya kuzaliwa nayo tunaiita sindromu ya Down.

Turudi kwa yule mtoto. Vipimo vya umeme wa ubongo vimeonyesha kuwa kule kuinama kwenyewe ni kifafa. Tena maeneo yote hayo yana usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Uganda ilipoanza mwaka 2012 kugawa ivermektini, dawa ya minyoo hiyo, mara mbili kwa mwaka na kupiga dawa mitoni, wagonjwa wapya walipungua mno. Ila namna mnyoo wa ngozini unavyoudhuru ubongo haijathibitishwa, ndiyo maana madaktari wameshikilia neno sindromu. Mtoto hupewa dawa za kifafa, na nyumbani huambiwa wasimwache peke yake karibu na moto wala mto.